Historia ya sindano imemsahau mama wa usafi

Wasee, 1984 ndio Kenya ilirekodi Ukimwi mara ya kwanza. Mwaka huo huo jarida la The Lancet likaripoti nesi wa Uingereza aliyeambukizwa kazini, sindano ya mgonjwa ikamdunga. Marekani ikaweka kanuni 1991. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ni ya 2007.

Lakini cheki, stori ilianza na nesi. Mama anayebeba takataka za kliniki hapa Kianjai, nani alimwambia? Ukidungwa, osha kwa maji na sabuni, kimbia hospitali: PEP inaanza ndani ya saa 72, unameza siku 28. Hepatitisi B nayo iko na chanjo.

Sheria haivai glavu. Mwambie mamako leo.