Kitale na Bungoma: Vile Utapata Rumu ya Bei Poa Katikati ya Tao na Bado Ulale

Una intavyuu Kitale saa mbili asubuhi. Ama kesi yako inasikizwa Bungoma kesho, ama mzazi amelazwa hospitali ya rufaa na wewe ndiwe wa kumpelekea uji. Unataka usiku mmoja, mbili ukizidi. Usiwe mbali na stage, bei isikumalize, na usingizi uwe usingizi. Hayo mambo matatu hayapatani kirahisi, na wasee wengi hujua hivyo saa nane usiku, spika ikidunda chini ya kitanda na kesho unatakiwa uonekane fresh mbele ya watu watano wenye kalamu.

Sababu ni hii. Jengo la kawaida la tao zetu lina maduka chini, baa ghorofa ya kwanza, halafu vyumba juu. Mwenye jengo anapata ganji yake kubwa kwa bia. Rumu ni nyongeza, na nyingine zinauzwa kwa saa, si kwa usiku. Ukishuka kulalamika juu ya mziki, soja atakuskiza kwa heshima zote, atakwambia "pole sana mkubwa", na mziki utaendelea. Hawezi kufukuza meza ya watu kumi kwa sababu ya mteja mmoja wa thao moja.

Kwa hivyo usianze na bei. Anza na kilicho chini ya hiyo rumu. Lojing'i iliyo juu ya agrovet, hadiwea, kemisti au duka la vitabu ina majirani wanaofunga saa kumi na mbili jioni na kwenda zao. Kitale hapo uko na bahati, kwa sababu tao yenyewe inaishi kwa kilimo. Kenya Seed Company ina makao yake makuu huko, na maduka ya mbegu, mbolea na vipuri vya trekta yamejaa. Tembea barabara za katikati ukiangalia juu, si chini. Ukiona bango la vyumba juu ya duka la mbegu na hakuna bango la bia kando yake, panda ngazi uulize.

Na tuelewane kwa maneno, kwa sababu mgeni anaweza kupotea. Kwetu Kenya, bango la "hoteli" mara nyingi linamaanisha chai, chapo na ndengu, hakuna kitanda hata kimoja. Ukitaka kitanda tafuta "lodging" ama "boarding and lodging". "Guest house" mara nyingi iko kwa mtaa, nje kidogo ya tao, na nyingi hazina baa. "Resort" nayo, usidanganywe na jina. Inaweza kuwa uwanja wa nyama choma wenye hema, watoto wanaruka, na bendi Jumapili mchana mpaka usiku.

Kuna chaguo moja ambalo vijana hulidharau na ndilo huwa kimya kuliko yote: nyumba za wageni za kanisa. Kitale na Bungoma zote ni makao ya dayosisi, Wakatoliki na Waanglikana pia, na dayosisi huwa na vituo vya semina vyenye vyumba. Wakati hakuna semina, wengine hukubali mgeni wa kawaida. Shuka safi, chai asubuhi, pombe hakuna, na geti hufungwa mapema. Hiyo geti ndiyo unalipia. Piga simu ofisi ya dayosisi mchana, usijipeleke saa nne usiku na begi ukitarajia huruma.

Bei sasa. Kwa makadirio ya tao za saizi hii, rumu ya choo cha kushare unaweza kuipata chini ya thao. Kati ya thao moja na mbili unapata ile wasee huita "self", bafu na choo ndani. Kuanzia thao mbili na nusu unaanza kuongelea breakfast, maji moto ya uhakika na parking. Ukikosa usingizi, ile jirongo uliyookoa haitakusaidia kwa intavyuu, kwa hivyo pesa ya kuongeza iongeze hapa, uipunguze kwa chakula. Chakula Kitale na Bungoma ni bei nafuu hata hivyo. Uliza kama bei waliyokutajia ni ya mwisho, ushuru ukiwa ndani, kwa sababu kuna VAT ya 16% na ada ya utalii ya 2%, na wengine hukumbuka hizo asubuhi unapolipa.

KITALE: MAJI MOTO KWANZA

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Mlima Elgon uko pale magharibi unakuangalia. Usiku ni baridi. Mtu wa Mombasa ama Kisumu akilala bila blanketi la pili atajuta. Kwa hivyo maji moto hapa si anasa. Wakikuambia "maji moto iko", uliza: ni ya shawa ya stima, ya sola ama ya ndoo? Ya ndoo si mbaya, bora ujue mapema na useme saa ya kuletewa. Ya sola huisha kama wageni wa jioni wameoga wote, na siku za mawingu usiitegemee.

Kelele ya Kitale ina saa zake. Usiku ni baa, lakini alfajiri ni stage. Barabara kuu inayotoka Webuye inapita hapa ikienda Kapenguria na mpaka Lodwar, na makanga wanaanza kuita abiria kabla jogoo hajawika. Dirisha linaloangalia stage ni alam ambayo huwezi kuzima. Omba rumu ya nyuma. Na usikimbilie ghorofa ya juu kabisa kama paa ni mabati wazi: mvua ya Kitale ikianza, hutasikia hata simu yako ikilia.

Angalia pia msimu. Mahindi yakivunwa kuanzia mwezi wa kumi hivi, tao inajaa malori, madalali na wakulima waliolipwa. Rumu zinapanda, na baa zinafurahi zaidi yako. Wiki ya maonyesho ya kilimo nayo usije bila kubuku.

Kama una doo ya ziada na unataka kimya cha kweli, kuna Kitale Club upande wa barabara ya Eldoret, kilabu cha enzi za walowezi chenye uwanja wa gofu. Si ya bajeti tunayoongelea hapa, na si katikati ya tao, lakini ujue ipo. Makumbusho ya Kitale yako barabara hiyo hiyo. Yalianza 1926 kama mkusanyiko wa mlowezi mmoja aliyeitwa Stoneham, mwaka ule ule reli ilipofika Kitale. Ukimaliza shughuli zako saa sita na gari lako ni la saa kumi, ni heri uende huko kuliko kulipia rumu nusu siku.

BUNGOMA: NETI, MALORI NA MWEZI WA NANE

Bungoma ni chini zaidi, kama mita 1,400, na joto lake ni la Magharibi. Hapa sahau blanketi, uliza neti. Si neti iliyofungwa fundo juu ya kitanda kama pambo. Ifungue, itazame kama ina mashimo, na uone kama inafika chini ya godoro. Malaria iko, na mbu anapiga kelele kuliko baa akiwa ndani ya sikio.

Kosa la wageni wengi ni kushukia Kanduyi na kuchukua rumu ya kwanza wanayoiona. Kanduyi ni makutano, na barabara kuu ya kwenda Malaba na Uganda inapita pale. Malori ya mizigo hayalali. Yanabadilisha gia, yanapiga breki, yanapiga honi usiku kucha. Ingia katikati ya tao kwa nduthi, ni karibu tu, halafu uanze kutafuta. Reli ya kwenda Malaba nayo inapita mjini, kwa hivyo kama dirisha linaangalia reli, uliza treni ya mizigo hupita saa ngapi.

Halafu kuna mwezi wa nane. Kama hujui, Wabukusu hutahiri vijana wao Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili: 2022, 2024, 2026 na kuendelea. Usiku ni nyimbo, njuga na vijana wanaotembea kualika jamaa. Ukija kuona utamaduni, hiyo ndiyo wakati. Ukija kutafuta kimya, chagua mwezi mwingine, na usimlaumu mtu wa risepsheni kwa jambo lililokuwepo kabla babu yake azaliwe.

Sherehe za serikali na mahafali pia hubadilisha kila kitu. Madaraka Dei ya 2024 ilifanyika Uwanja wa Masinde Muliro, pale Kanduyi, na ukiwa na sherehe kama hiyo hakuna kitu kinaitwa bei ya kawaida. Chuo Kikuu cha Kibabii kikiwa na mahafali, wazazi hujaza rumu. Ijumaa usiku nayo ni ya watu wa matanga, kwa sababu mazishi mengi Magharibi ni Jumamosi. Jumapili hadi Jumatano ndizo siku unaweza kubagein ukaskizwa, Bungoma na hata Kitale.

PIGA SIMU, LAKINI USKIZE VIZURI

Kwa simu, usiulize "kwenu kuna kelele?" Hakuna atakayekuambia ndiyo. Uliza hivi:

"Habari madam. Hapo kwenu kuna baa?"

"Iko, customer, lakini iko chini."

"Inafunga saa ngapi?"

"Inategemea na wateja."

Inategemea na wateja maana yake ni asubuhi. Shukuru, kata simu, jaribu kwingine. Tofauti ya kujua ni hii: kwa ile sheria ya vileo ya 2010, baa ya kawaida inafaa kufunga saa tano usiku, lakini yenye leseni ya klabu inaenda mpaka saa tisa. Kwa hivyo uliza kama ni baa ama ni klabu. Na ukipiga, piga saa tatu usiku siku moja kabla, si mchana. Utaskia mwenyewe kilicho nyuma ya sauti yake.

Ukifika, usilipe kabla ya kuona rumu. Washa taa, fungua shawa ungoje dakika moja, jaribu kufuli na komeo la ndani. Fungua dirisha uangalie nje. Kuna jenereta? Posho mill? Fundi wa kuchomelea vyuma? Hao hufungua kazi mapema. Kuna kanisa la hema lenye kesha Ijumaa? Halafu nyamaza kidogo, uskize kuta. Kama unaskia jirani akikohoa saa kumi jioni, usiku utaskia mengi zaidi. Kama unasafiri peke yako, hasa dada zetu, chukua rumu iliyo karibu na ngazi na risepsheni badala ya ile ya mwisho gizani, hata kama ile ya mwisho ni kimya zaidi. Na soda iliyofunguliwa ukiwa hauko mezani iache hapo. Mchele haujaisha.

Lipa usiku mmoja kwanza, hata kama unakaa tatu. Lipa kwa till ya biashara, si namba ya mtu, na uombe risiti. Ukishalipa tatu, nguvu yako ya kuhama imekwisha.

Na kama umeshaingia na baa ikakushinda? Sheria iko upande wako, usidhani unasumbua. Kanuni za kelele za NEMA za 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 35 usiku, kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi, hata kwa eneo la biashara. Desibeli 35 ni karibu sawa na mtu akinong'ona. Hakuna baa ya Afrika Mashariki inanong'ona. Ofisi ya NEMA ya kaunti haitakuja saa nane usiku, hiyo ni ukweli, lakini ukimtajia meneja hizo kanuni kwa upole, mara nyingi ataamua ni rahisi kukuhamisha rumu ya nyuma kuliko kubishana na mtu anayejua namba. Malalamiko yenyewe unaweza kuyapeleka mchana.

Jambo la basi za usiku. Zile za kutoka Nairobi zinaweza kukushukisha saa kumi alfajiri. Ukichukua rumu saa hiyo, lojing'i nyingi zitahesabu usiku mzima, na saa nne asubuhi wanakugongea utoke. Ongea mapema: nikifika saa kumi na nilipe leo, nakaa mpaka kesho saa nne? Wengine hukubali rumu ikiwa wazi, wengine huomba nusu bei. Wakikataa, kaa ndani ya ofisi ya basi mpaka kupambazuke, unywe chai. Usitembee na begi gizani ukitafuta mabango.

Ukiwa na shughuli tao zote mbili, matatu za Kitale hupita Kiminini, Kamukuywa na Webuye kabla ya kukata kwenda Bungoma, kama saa mbili hivi barabara ikiwa fiti. Kama Bungoma imejaa, lala Webuye ama Kitale uamkie kwa gari la kwanza. Makanga wa stage watakuamsha bure.