BABA WA CHICAGO ALIKUWA MTU MWEUSI. JE, BABA YAKE YEYE NI NANI?

Ukitaja Chicago, akili za wengi zinakimbilia kwa Michael Jordan na Bulls, wengine Kanye West, wengine Obama. Lakini kabla ya magorofa yote yale, pale mtoni palikuwa na mchanga, nyasi ndefu na nyumba ya magogo ya jamaa mmoja mweusi. Huyo ndiye ambaye leo mji wenyewe unamtambua kama mwanzilishi wake. Anaitwa Jean Baptiste Point du Sable.

Stori ya utajiri wake watu wanaipenda na inasimuliwa sana. Ishu ambayo imewatoa jasho wafuatiliaji wa koo ni nyingine kabisa: huyu jamaa alizaliwa wapi, na nani? Hakuna karatasi hata moja ya kuaminika inayomtaja mama yake wala baba yake.

Na wala hakuwa mtu wa kujifichaficha. Mwaka 1779, wakati Wamarekani wanapigania uhuru wao, Waingereza walimdaka sehemu ambayo leo inaitwa Michigan City, jimbo la Indiana, wakimshuku kwamba yuko upande wa adui. Wakampeleka kwenye ngome yao ya Michilimackinac. Aliyekuwa kamanda pale, De Peyster, baadaye alimwandika kwenye kitabu chake kuwa ni mtu mweusi mtanashati, msomi, mwenye makazi yake Chicago. Badala ya kuozea jela, jamaa akapewa kazi ya kusimamia shamba linaloitwa Pinery, kando ya Mto St. Clair, hadi 1784. Mfungwa kageuka meneja! Tena zama ambazo watu wa rangi yake walikuwa wananunuliwa kama ng'ombe.

Karatasi inayofuata ni ya ndoa. Oktoba 27, 1788, alifunga ndoa mbele ya padri wa Katoliki kule Cahokia, kijiji cha Wafaransa kando ya Mto Mississippi. Mke ni Kitihawa, mwanamke wa kabila la Potawatomi, wenyeji wa eneo lile, ambaye kanisani aliitwa Catherine. Kimila walishaoana miaka mingi nyuma, hapo walikuwa wanabariki tu. Walikuwa na watoto wawili, Jean na Susanne. Susanne akaolewa 1790 na jamaa aitwaye Pelletier, wakampata binti, Eulalie, aliyezaliwa Chicago 1796.

Yaani ukishuka chini, ukoo unaufuata vizuri tu. Shida ni kupanda juu.

Mdau unaweza ukajiuliza, sasa inakuwaje? Elewa kwamba kule ilikuwa mwisho wa dunia ya wazungu. Hakukuwa na RITA ya kukupa cheti cha kuzaliwa. Kilichokuwepo ni daftari za kanisa, hati za mauziano na shajara za wapita njia, na kila mwandishi aliandika jina kadiri alivyolisikia. Karatasi za wakati wake zinamwita Point Sable au Point de Sable. Kwa Kifaransa hiyo maana yake ni rasi ya mchanga, jina ambalo linasikika kama la mahali kuliko la ukoo. Sasa hapo unaanza kumtafuta dingi wake wapi?

Kinachoshangaza zaidi ni hati ya mwaka 1800, alipouza kila kitu na kuondoka. Aliuza kwa livre 6,000, fedha ya Kifaransa ya enzi hizo, kwa mtu aitwaye Jean La Lime. Hati hiyo ilipatikana Detroit mwaka 1913, na ndani yake kila kitu kimehesabiwa: nyumba ya futi 40 kwa 22, maghala mawili, kinu cha kuzungushwa na farasi, jiko la mikate, nyumba ya maziwa, banda la kukaushia nyama kwa moshi, ng'ombe wakubwa 30, nguruwe, kuku 44. Kuku wake tunawajua idadi. Wazazi wake hatuwajui hata jina moja.

Sasa palipo na pengo watu huwa wanalijaza, na kila mtu alijaza kwa udongo wa kwao.

Wa kwanza ni Juliette Kinzie, mwaka 1856. Kwenye kitabu chake aliandika kwamba du Sable alitokea Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti. Ushahidi hakutoa. Na cheki alikuwa nani: mkwe wa John Kinzie, mzungu aliyekuja kuishi kwenye nyumba ileile baada ya La Lime, halafu kwa miaka mingi akasifiwa yeye kuwa ndiye baba wa Chicago. (La Lime mwenyewe aliuawa na huyohuyo Kinzie kwenye ugomvi mwaka 1812. Hiyo ni muvi nyingine.)

Mwaka 1933 mwanahistoria Milo Quaife akaja na lake. Alikuta kule Kanada familia ya Kifaransa, Dandonneau, iliyokuwa inatumia pia jina la Sable, akahisi baba yake anaweza kuwa alitoka humo. Alitafuta kiungo cha kuwaunganisha, hakukipata. Lakini angalau yeye aliingia kwenye madaftari, na hilo tumpe.

Halafu 1951 akatokea Joseph Jeremie, raia wa Haiti, akasema yeye ni kitukuu wa du Sable kabisa. Kwa mujibu wake mzee alizaliwa mji wa Saint-Marc, akasoma Ufaransa, akafanya biashara ya kahawa. Alitegemea masimulizi ya familia na maandishi ya makaburini. Stori tamu, na mpaka leo ndiyo inayosambaa zaidi mitandaoni, lakini watafiti waliomfuatilia du Sable kwa karibu wanaikataa kwa kukosa nyaraka. Watu wa Haiti kumpenda ni haki yao, ila mapenzi sio cheti cha ubatizo.

Hata sura yake ni ya kubuni. Michoro na sanamu zote unazoziona zilitengenezwa baada ya kifo chake.

Tumaini la mwisho lilikuwa msibani. Alifariki Agosti 28, 1818 huko St. Charles, Missouri, akazikwa na Kanisa Katoliki. Kwenye daftari lile wengine waliozikwa wameandikiwa walikotoka, wazazi wao, ndugu zao. Yeye padri alimwandika kuwa ni mtu mweusi, basi. Asili, wazazi, jamaa, hakuna.

Mwaka 1968 liliwekwa jiwe la granaiti sehemu iliyoaminika kuwa ndipo alipolala. Mwaka 2002 watafiti wakachimba hapohapo. Hawakukuta dalili ya mabaki ya binadamu, kwa hiyo hata DNA ya kupimia haipo. Mwaka 2021 Chicago ikaweka jina lake kwenye barabara yake maarufu ya kandokando ya ziwa, ikaandikwa DuSable, tahajia ambayo karatasi za enzi zake hazina.