Ghuba Moja, Taaluma Nyingi: Uanuwai wa Chuo Kikuu Ukitazamwa kutoka Kigongo

Tarehe 19 Juni 2025 lilizinduliwa Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3, linalovuka Ghuba ya Mwanza katika Ziwa Victoria na kuunganisha Kigongo wilayani Misungwi na Busisi wilayani Sengerema. Foleni ya kivuko ikaisha. Wahandisi walikwisha kupima kina, mwamba na uzito wa magari, lakini daraja limezua maswali yaliyo nje ya fani yao. Mama lishe na wachuuzi waliotegemea abiria wa kivuko wanahamia wapi, na sheria inawatambuaje? Mazalia ya samaki yanaathirikaje?

Hoja ya makala haya ni kwamba uanuwai wa utafiti na ufundishaji haupimwi kwa idadi ya vitivo. Kipimo ni uwezo wa chuo kuzikutanisha taaluma kwenye swali moja, na hapo vyuo vyetu bado vimepwaya.

Sababu moja ni ya kihistoria. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 na kitivo kimoja tu, cha sheria. Kikapanuka, kisha kikamegeka: kilimo kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984, Muhimbili na Ardhi vikajitegemea mwaka 2007. Mwanza nako, chuo cha tiba cha Bugando, CUHAS ya leo, kilianza mwaka 2003 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT). Ubobezi ulipatikana, sina ubishi na hilo. Lakini mwanafunzi wa sheria wa SAUT, Malimbe, anaweza kuhitimu bila kuketi darasa moja na wa udaktari wa Bugando, ilhali wote wanaishi kando ya ziwa moja. Utafiti wa samaki uko taasisi ya TAFIRI, wa pamba kituo cha Ukiriguru, wa magonjwa taasisi ya NIMR.

Ghuba yenyewe haikugawanyika hivyo. Mwaka 1977 wanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuchunguza samaki aina ya furu wa Ghuba ya Mwanza. Ilionekana kazi ya fani moja: kutambua spishi na kukadiria ni kiasi gani kivuliwe. Miaka ya 1980 sangara, aliyepandikizwa ziwani miongo iliyotangulia, akafurika. Inakadiriwa spishi zipatazo 200 za furu zilitoweka. Swali la biolojia likageuka la uchumi: viwanda vya minofu, soko la Ulaya, na mlaji wa Mwanza anayeambulia mapanki, yaani mabaki ya samaki aliyetolewa minofu. Kisha mwaka 1997 mwanabiolojia Ole Seehausen na wenzake wakaonyesha kwamba maji yanapopoteza uangavu, majike hushindwa kutofautisha rangi za madume na spishi huchanganyikana. Na uangavu unapotea kwa nini? Kwa sehemu kubwa ni rutuba na udongo unaosombwa kutoka mashambani na majitaka ya mijini. Mfuatilie furu hadi mwisho, utamkuta bwana shamba, afisa mipango miji na diwani.

Afya inathibitisha hilohilo. Jaribio la Mwanza, ambalo matokeo yake yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1995, lilionyesha kuwa kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Dawa zisingetosha bila takwimu, maabara, mafunzo ya wahudumu na uhamasishaji.

Tatizo ni kwamba mikutano hiyo ya taaluma ililetwa na miradi, si na mitaala. Mradi ukifungwa, kila mtaalamu anarudi idarani kwake, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza hata hajui kuwa walikutana.

Wapo wanaotaka sanaa zipunguzwe ili sayansi ishibe. Nadhani wanakosea. Dawa ya kichocho inajulikana na ni ya bei nafuu, lakini ugonjwa umeng'ang'ania mwaloni kwa sababu watu huoga, hufua na huvua katika maji yaleyale. Hapo mwanasosholojia si pambo.

Seneti za vyuo vya Mwanza zianze na kozi moja ya pamoja kuhusu ghuba hii, ifundishwe na mwanasheria, tabibu, mhandisi na mtaalamu wa uvuvi, iwe na mtihani mmoja, na krediti zake zitambuliwe na kila chuo. Kazi ya uwandani ianzie Kigongo, kwa wale waliopoteza wateja wa kivuko.