Dhoruba Iliyopita Juu ya Mpanda

Naanza kwa kuungama. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nilikidanganya kijiwe kizima hapa Mpanda, tena kwa kujiamini.

Siku hiyo nilikuwa steshenari moja ya Makanyagio na hadithi yangu ya kurasa kumi na mbili. Ilikuwa siku ya mwisho kuituma kwenye shindano. Intaneti ikakata. Nikangoja mpaka jioni, wapi! Nilipopita kijiweni nikakuta vijana wa bodaboda wanalalamika kuhusu hilohilo. Nikawaambia, "Msihangaike, washikaji. Ni jua hilo." Redioni nilikuwa nimesikia kwamba dhoruba ya sumaku imeipiga Dunia, basi nikawamwagia maneno ya kitaalamu. Wote waliniamini, isipokuwa mzee mmoja fundi redio. Aliniuliza, "Mwanangu, jua likafika mpaka chini ya bahari kukata waya?"

Swali lile lilinikosesha raha. Ndilo lililonipeleka kwenye historia.

Hebu tuanze na dhoruba yenyewe. Jua mara nyingine hutema wingu kubwa la gesi lenye umeme na sumaku. Likielekea kwetu hufika baada ya siku moja hadi tatu, likautikisa uga wa sumaku unaoizunguka Dunia. Mtikisiko huo huzalisha umeme ndani ya nyaya ndefu, huvuruga anga la juu linalorudisha mawimbi mafupi ya redio, na hupotosha vipimo vya setilaiti.

Tarehe 1 Septemba 1859 Mwingereza Richard Carrington, akichora madoa ya jua, aliona mweko wa ghafla. Saa kama 17 baadaye telegrafu za Ulaya na Marekani zikapandwa na wazimu. Huko Marekani wapo waliochomoa betri wakaendelea kupelekeana habari kwa umeme wa dhoruba peke yake.

Na huku kwetu je? Misafara ilikuwa ikipita kati ya Tabora na Ujiji, na habari zilisafiri kwa miguu. Dhoruba ilipita juu ya vichwa vya wapagazi, wao wakaendelea na mizigo yao.

Ikaja nyingine tarehe 17 Novemba 1882, ikavuruga telegrafu Uingereza na Marekani. Wakati huo pale Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mkoani kwetu Katavi, palikuwa na kituo cha Wabelgiji kilichoanzishwa mwaka 1879. Mkuu wake alikuwa Luteni Émile Storms, na jina hilo kwa Kiingereza ni dhoruba! Lakini Bwana Dhoruba hakuwa na waya. Mwaka uleule wa 1879 waya wa telegrafu ulilazwa baharini kutoka Aden hadi Zanzibar, ila barua ya Karema ilibidi kwanza itembee hadi pwani. Jua halikuwa na cha kumharibia.

Hapo ndipo nilipoelewa. Dhoruba hii haimgusi mtu aliyesimama ardhini. Inagusa nyaya zake, redio zake na setilaiti zake. Asiye na waya hana habari nayo.

Tarehe 13 Machi 1989 gridi ya Quebec, Kanada, ilizimika kwa dhoruba, na watu milioni 6 wakakaa bila umeme kwa takribani saa 9. Nilimuuliza babu kama redio yake ilikoroma siku hizo. Akacheka: "Mjukuu wangu, redio ilikoroma kila siku. Ningejuaje kama ni jua au ni betri?"

Sasa turudi kwenye kosa langu. Dhoruba ya tarehe 10 na 11 Mei 2024 ilifika daraja la tano, la juu kabisa, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba 2003. Mianga ya rangi ilionekana angani hadi Mexico. Huko Marekani matrekta yanayoongozwa na setilaiti yalikwama katikati ya msimu wa kupanda. Hayo ni ya jua kweli.

Lakini tarehe 12 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Nyuzi za kioo zilizo ndani yake hubeba mwanga, na dhoruba ya sumaku haikati kioo. Mambo mawili yalifuatana tu, mimi nikayafungisha ndoa.

Hata hivyo tusijipongeze. Anga la juu la ukanda wetu wa ikweta nalo huvurugika, na Katavi ya leo si Karema ya 1882. Simu, ramani za setilaiti, nyaya ndefu za umeme: kila tunachoongeza kinatuingiza katika historia hii.

Nilirudi kwa yule fundi.

"Shikamoo mzee. Lile swali lako lilinishinda."

"Marahaba. Sasa waambie na wenzako."

Ndiyo maana nimeandika. Hadithi yangu haikufika shindanoni, na sina wa kumlaumu juu angani. Wewe unayetaka kuwa mwandishi, mambo mawili yakitokea pamoja, uliza kwanza kama yanajuana.