Sikio la Kampuni

Neno kocha lilitufikia kupitia michezo. Wengi wetu tukilisikia tunamwona mtu aliyesimama kando ya uwanja, akipaza sauti. Siku hizi kuna kocha mwingine, anayeketi na mkurugenzi ofisini, mlango umefungwa, akiuliza maswali machache na kusikiliza sana. Vitabu vingi ninavyosoma kwa shahada yangu ya uzamili huhesabu historia yake kuanzia miaka ya 1980 na 1990. Mimi naona mzizi mmoja umeanzia mbali zaidi, katika kiwanda kilichokuwa nje kidogo ya Chicago.

Kiwanda hicho, Hawthorne, kilikuwa cha Western Electric na kilitengeneza vifaa vya simu. Kinakumbukwa kwa majaribio yaliyoanza mwaka 1924, watafiti walipopima kama mwanga na, baadaye, mapumziko vinaongeza uzalishaji. Kilichofuata hakizungumzwi sana. Mwaka 1928 kampuni ilianza kuwahoji wafanyakazi mmoja mmoja, na kufikia 1930 ilikuwa imewahoji zaidi ya 20,000.

Mwanzoni wahojaji walikuwa na orodha ya maswali. Lakini mtu akiulizwa hili, alijibu lile lililomkaa moyoni. Orodha ikawekwa kando, kanuni mpya ikashika nafasi yake: sikiliza, usimkatize, usimhukumu, usimpe ushauri. Mahojiano ya nusu saa yakarefuka hadi saa moja na nusu. Kocha yeyote wa leo angeitambua kanuni hiyo kuwa yake.

Elton Mayo, profesa wa Harvard aliyezaliwa Australia, alisimulia kisa cha mfanyakazi mmoja wa kike aliyemchukia msimamizi wake. Katika kuzungumza, mama huyo aligundua mwenyewe kwamba msimamizi alimkumbusha baba wa kambo aliyemchukia. Hakuna aliyemwambia, alijisikia tu akisema.

Kisa hiki kinanivutia na kinanitia wasiwasi. Ni kweli kwamba kutoa dukuduku kunaweza kumfungua mtu macho. Lakini ukishazoea kulisoma kila lalamiko kama dalili ya kitu kilicho moyoni mwa mlalamikaji, utamsikiaje yule ambaye msimamizi wake ni dhalimu kweli, au ambaye mshahara wake hautoshi?

Swali hilo lilikuwa zito Hawthorne. Mdororo mkuu wa uchumi ulileta punguzo kubwa la wafanyakazi. Mwaka 1935 sheria ya Wagner ililinda haki ya wafanyakazi wa Marekani kuunda vyama na kujadiliana na mwajiri. Mwaka uliofuata, kampuni ikaanzisha huduma ya kudumu ya wanasihi. Hawa walizunguka kiwandani, wakasikiliza na kutunza siri. Hawakuwa na mamlaka ya kurekebisha chochote. Mfanyakazi aliondoka amepata nafuu, na mashine, zamu na msimamizi vilibaki pale pale. Wahenga walishasema: mwenye kovu usidhani kapoa.

Huduma hiyo ilidumu hadi 1956. Mwanahistoria Loren Baritz, katika kitabu chake cha 1960, aliwaita wanasayansi wa jamii waliofanya kazi viwandani watumishi wa wenye madaraka. Hukumu hiyo ni kali, maana wapo waliosaidika kweli kwa kusikilizwa. Hata hivyo, aliyewalipa wasikilizaji ndiye aliyeamua pia kwamba kazi yao iishie kwenye kusikiliza.

Tangu hapo sikio limepanda ghorofa. Hawthorne lilitegwa kwa mafundi na wafanyakazi wa kawaida. Leo kocha hukodiwa zaidi kwa viongozi. Shirikisho la Kimataifa la Makocha, lililoanzishwa mwaka 1995, linamtaka kocha akubaliane mapema na mteja na mwajiri anayelipa kuhusu taarifa zitakazowafikia wakubwa. Hiyo ni hatua ya maana, kwa sababu inakiri kwamba chumbani kuna mtu wa tatu hata kiti chake kikiwa kitupu.

Kwa hiyo ofisi ikikuletea kocha, mpokee, ila muulize maswali mawili kabla hujafungua moyo. Nani mwingine atajua nitakayosema? Na tukigundua kwamba tatizo halimo ndani yangu, bali limo katika namna kazi ilivyopangwa, nani atalibeba?