Mianya ya Nauli: Tiketi Nafuu za Ndege kati ya Afrika Mashariki na Ulaya tangu 1944

Kwa zaidi ya miaka 30 baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nauli ya ndege kati ya nchi na nchi haikuachiwa soko, wala shirika la ndege halikuwa na ruhusa ya kuipunguza hata pale ndege zake zilipopaa na viti vitupu. Nauli iliamuliwa na mashirika yenyewe katika vikao vya faragha, ikaidhinishwa na serikali, na tangu hapo kuuza tiketi chini yake kukahesabiwa kuwa kosa. Kwa hiyo historia ya tiketi nafuu ni, kwa sehemu kubwa, historia ya mianya ya sheria na ya watu walioijua mianya hiyo. Njia ya anga iliyounganisha Afrika Mashariki na London ni mahali pazuri pa kuitazama historia hiyo, kwa kuwa ilianza kama njia ya ndani ya himaya moja, ikageuka kuwa njia ya mataifa huru, na katika kila hatua abiria asiye na uwezo wa kulipa nauli kamili alilazimika kutafuta mlango wa pembeni.

Chanzo cha utaratibu huo ni mkutano wa Chicago wa Novemba na Desemba 1944, ambako wajumbe wa mataifa 52 walikutana kupanga mustakabali wa usafiri wa anga wakati vita vikiwa havijamalizika. Marekani, iliyokuwa na ndege nyingi za uchukuzi na viwanda visivyoguswa na mabomu, ilitaka mashirika yaachwe yashindane, ilhali Uingereza, ambayo viwanda vyake vilikuwa vimezama katika ndege za kivita, ilihofia kumezwa na ikataka safari na nauli zigawanywe kwa mpango. Mkutano ulielewana juu ya usalama na kanuni za kiufundi, ukashindwa kuelewana juu ya biashara, na pengo hilo likazibwa na chombo kingine: Chama cha Kimataifa cha Usafiri wa Anga, maarufu kwa kifupi chake IATA, kilichoundwa Havana, Cuba, Aprili 1945. Mkataba wa Bermuda wa mwaka 1946 kati ya Uingereza na Marekani ulikubali kwamba nauli zitapangwa na vikao vya IATA na kuthibitishwa na serikali, na mikataba mingi iliyofuata kati ya nchi mbilimbili ilinakili mfano huo. Kwa kuwa maamuzi ya vikao yalihitaji kura ya kila shirika, shirika lenye gharama kubwa liliweza kumzuia mwenzake mwenye gharama ndogo asishushe bei.

Ukali wa utaratibu huo ulifikia kiwango ambacho leo huchekesha. Mwaka 1958, daraja jipya la nauli ya chini lilipoanzishwa juu ya bahari ya Atlantiki, kanuni ziliamuru kwamba abiria wake wapewe sandwichi za kawaida tu, zisizo na gharama. Shirika la Skandinavia, SAS, likaandaa mikate ya wazi iliyosheheni nyama na samaki, washindani wakalalamika kwamba chakula hicho ni punguzo la bei lililojificha, na SAS likatozwa faini ya dola 20,000. Mashirika yaliyokatazwa kushindana kwa nauli yalikuwa yamebakiwa na sahani peke yake.

Mwanya wa kwanza mkubwa kwa abiria wa Afrika Mashariki ulitokana na ukoloni wenyewe. Kanuni za nauli za kimataifa zilihusu safari kati ya dola moja na nyingine, lakini Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya utawala wa Uingereza, kwa hiyo safari kutoka London hadi Nairobi iliweza kuhesabiwa kisheria kuwa safari ya ndani, ingawa ilikatiza Mediterania, Sahara na bonde lote la Nili. Mwaka 1952 serikali ya Uingereza iliyaruhusu makampuni mawili ya binafsi, Airwork na Hunting, kuendesha safari za namna hiyo katika daraja maalumu la makoloni, kwa nauli ya chini kuliko ile ya shirika la serikali, BOAC. Ruhusa hiyo ilikuwa na masharti ya kulilinda shirika la serikali, na ndiyo maana makampuni hayo yalitumia ndege ndogo za Vickers Viking zenye injini mbili za pistoni, zilizotua mara nyingi njiani na kuwalaza abiria hotelini usiku, hivi kwamba safari nzima ilichukua siku kadhaa. Bei iliwekwa chini kwa sharti kwamba huduma iwe ya polepole na ya kuchosha, na hapo pana kanuni ambayo wauza tiketi hawajaiacha mpaka leo: mwenye pesa hununua muda, asiye nazo hulipa kwa muda wake.

Isisahaulike, hata hivyo, kwamba unafuu huo haukuwalenga Waafrika, ambao wengi wao hawakuweza kuigusa hata nauli hiyo iliyopunguzwa. Waliohudumiwa walikuwa walowezi, watumishi wa serikali ya kikoloni na familia zao. Tena mwanya wenyewe ulikuwa na mwisho wake ndani yake, kwani Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Uganda mwaka 1962 na Kenya mwaka 1963, hoja ya safari ya ndani ilishushwa pamoja na bendera iliyoitetea.

Kwa Waafrika mlango ulifunguliwa na safari ya kukodi, yaani mpango ambao ndege nzima hukodishwa kwa bei moja, iwe imejaa au haikujaa, na gharama ya kila kiti ikapatikana kwa kugawanya bei hiyo kwa idadi ya wasafiri. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vijana wengi wa Kenya walikuwa wamepata nafasi katika vyuo vya Marekani, lakini nauli ya kawaida ilizidi mapato ya miaka mingi ya familia zao, na michango ya harambee vijijini haikutosha kuwavusha mmojammoja. Mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya, akishirikiana na taasisi ya Marekani ya kuwasaidia wanafunzi wa Kiafrika, ambayo mwanaviwanda William Scheinman aliiongoza na watu mashuhuri kama Jackie Robinson na Harry Belafonte waliichangia, alichagua kukodi ndege. Ndege ya kwanza ilifika New York Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata mfuko wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, jambo lililozua mabishano katika kampeni za urais wa Marekani, na wanafunzi wa nchi nyingine za Afrika Mashariki na Kati wakajumuishwa. Miongoni mwa waliosafiri mwaka huo wa 1960 alikuwamo Wangari Maathai, mshindi wa baadaye wa Tuzo ya Amani ya Nobel. Hadi mwaka 1963 mpango huo ulikuwa umewasafirisha wanafunzi karibu 800. Wanahistoria wameuandika sana kama tukio la siasa na elimu, na ni sawa, lakini ulikuwa pia hesabu ya nauli iliyopigwa kwa ustadi, na bila hesabu hiyo sehemu kubwa ya kizazi hicho isingevuka bahari.

Kwa umma wa kawaida safari za kukodi zilizungushiwa uzio. Kanuni hazikuruhusu viti vya ndege iliyokodiwa viuzwe kwa mtu yeyote. Viliuzwa kwa kundi ambalo tayari lilikuwa na madhumuni mengine mbali na kusafiri, na msafiri alipaswa kuwa mwanachama kwa miezi sita kabla ya safari. Matokeo yalitabirika. Katika miaka ya 1960 vyama vilichipuka Ulaya na Marekani ambavyo havikuwahi kufanya kikao, kadi za uanachama zikaandikwa tarehe za nyuma, na maofisa wakaingia viwanja vya ndege kuwahoji abiria juu ya mambo ya chama chao huku ndege ikisubiri. Uongo huo mdogo ulienea mno hata serikali za Uingereza na Amerika Kaskazini zikaifuta kanuni mwaka 1973 na kuweka nyingine mahali pake: yeyote angeweza kununua kiti cha ndege ya kukodi, mradi alipe mapema na asibadili tarehe. Sharti la kulipa mapema, ambalo msafiri wa leo huliona kama tabia ya asili ya tiketi, liliingia basi kama mrithi wa kadi ya chama.

Sambamba na hayo kulikuwa na biashara ya chinichini. Mashirika yenye viti vitupu, hasa yale yaliyohitaji fedha za kigeni kuliko heshima ya IATA, yaliwapa mawakala wadogo wa London tiketi kwa kamisheni kubwa isiyotangazwa, na mawakala wakaipunguzia nauli sehemu ya kamisheni hiyo. Soko hilo lilikaa London, ambako mashirika yalikuwa mengi na pauni ilibadilishika, na kwa sababu hiyo Mtanzania aliyeishi Uingereza aliweza kurudi nyumbani kwa nauli ambayo ndugu yake aliyeko Dar es Salaam hakuweza kuipata kwa safari ileile. Huyu wa nyumbani alikuwa na kikwazo kilichotangulia bei: hadi Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992, serikali ya Tanzania ilizidhibiti fedha hizo kwa vibali, na shilingi ilikuwa na bei rasmi iliyopishana mno na bei yake mtaani. East African Airways nayo, shirika la pamoja la nchi za Afrika Mashariki lililoanza kazi mwaka 1946, ilivunjika mapema mwaka 1977, na kila nchi ikabaki na shirika lake dogo lililohitaji kulindwa dhidi ya punguzo lolote.

Septemba mwaka huohuo wa 1977, mfanyabiashara wa ndege wa Uingereza Freddie Laker alianza kuuza safari ya London hadi New York kwa pauni 59 bila chama wala kulipa mapema. Kampuni yake ilianguka Februari 1982, lakini kufikia hapo Marekani ilikwisha kuondoa udhibiti wa nauli zake za ndani kwa sheria ya Oktoba 1978. Mashirika makubwa yalijibu kwa kompyuta. American Airlines na wenzake walibuni programu zinazokisia ni viti vingapi vitahitajika dakika za mwisho na wafanyabiashara, kisha vinavyosalia huuzwa kwa bei za chini zenye masharti. Sheria ya wazi ikaondoka, na kanuni zikahamia ndani ya programu ambayo msafiri haioni.

Kwa Afrika Mashariki unafuu wa baadaye ulipitia Addis Ababa, Dubai na Doha. Mashirika ya miji hiyo hutumia kile kinachoitwa uhuru wa sita wa anga, yaani haki ya kumchukua abiria katika nchi moja na kumfikisha katika nchi ya pili kwa kupitia nyumbani kwao, na kwa kuwa kituo cha kubadilisha ndege humchosha abiria, humfidia kwa bei. Ni mantiki ileile ya ndege za Viking za mwaka 1952, isipokuwa usiku wa hotelini umekuwa saa chache za kusubiri chini ya taa za uwanja.

Ndani ya bara lenyewe mambo yamekwenda polepole zaidi. Uamuzi wa Yamoussoukro wa mwaka 1999 uliahidi kufungua anga la Afrika, na Januari 2018 Umoja wa Afrika ulizindua soko moja la usafiri wa anga, lakini haki za kuruka bado hujadiliwa mara nyingi kati ya serikali mbilimbili, kwa mikataba ya sura ileile iliyozaliwa baada ya Chicago. Kati ya miji mingi ya Afrika iliyo jirani, nauli ya kilomita moja bado ni ghali kuliko ile ya kwenda Ulaya.