Habari za Funza na Jinsi Alivyofika Ziwani

Wasomaji, wengi hudhani funza ni wa nchi hii tangu kale. Sivyo, babu zetu wa kale hawakumjua. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Katika mwaka wa 1872 merikebu iitwayo Thomas Mitchell ilitoka Rio de Janeiro ikafika Ambriz, pwani ya Angola, nayo imepakia mchanga wa farumi. Na mchangani walikuwamo funza.

Wakaenea kwa nyayo za wapagazi, kambi kwa kambi, hata baada ya miaka kama 20 wakafika ziwa letu. Katika mwaka wa 1892 msafiri Oscar Baumann aliona katika Uzinza watu waliolemaa, wasioweza kuvuna mashamba yao. Kufikia mwaka wa 1898 funza alikuwa Unguja.

Basi si laana wala uchawi, bali ni mayai yaangukayo katika vumbi la nyumba. Hata leo yupo. Tusimcheke mtoto achechemeaye. Tumwoshe miguu, tumtoe funza kwa sindano safi isiyotumiwa na mwingine, tena tunyunyize maji sakafuni na kufagia. Aliyeletwa na miguu ya wengi hataondolewa na nyumba moja.